Wimbi Nililolizima

Kwa nini niliendelea kubonyeza vitufe, ilhali nilikwishajua kasoro iko wapi? Swali hilo bado linanishinda.

Mama yangu ana mtoto wa jicho. Hawezi kufuata picha kwenye simu. Dada yake wa pekee alikuwa akizikwa Kenya mchana ule, ibada ikirushwa mtandaoni, na njia ya kumwonyesha ilikuwa moja tu: televisheni kubwa na kile kisanduku kinachoiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani kwetu, mtaani Gurei, ng'ambo ya mpaka. Majirani walikuja kukaa naye msibani, simu mapajani. Kisanduku kikaandika kwamba mtandao haupatikani.

Nilikizima, nikakiwasha. Nikaizima ruta, nikaiwasha. Kisha nikakumbuka.

Ruta ile hutoa mawimbi mawili. Moja huvuka hata ua wa mabati. Jingine, ambalo nenosiri lake nililijua peke yangu, huishia ukutani. Kisanduku, kwa uzee wake, hulitambua lile la mbali tu. Nami nilikuwa nimelizima wiki tatu kabla, nilipochoshwa na majirani wanaoegemea mabati yangu kupakua video. Kubadili nenosiri kungewaleta mlangoni kuomba jipya, na kwetu jirani hanyimwi usoni. Basi niliwanyima kisogoni, nikasema intaneti ya mji mzima imedhoofika.

Kuliwasha kungechukua dakika moja. Lakini simu zote mle sebuleni zingeunganika papo hapo na kulia kwa pamoja.

"Ustaz," akanitania jirani mmoja, mama aliyerudi kutoka Uganda, kwa jina tunalowaita wasomi, "wewe na digrii yako yote, hii kitu inakushinda?"

"Tatizo liko huko Kenya," nikajibu.

"Mwacheni mwanangu," Mama akasema. "Anajitahidi."

Nilitoka hadi jikoni, nikafungua ibada kwenye simu yangu kwa siri. Udongo ulikuwa tayari unatupwa juu ya jeneza.

"Wamekwisha kumshusha?" Mama aliuliza niliporudi.

"Bado."

Alikaa ameielekeza sura yake kwenye kioo cheusi mpaka wageni wakaaga. Chakula kilinikataa. Nilijiona kama kitu kilichooza ndani ya nguo safi, na kabla ya kulala nikakata shauri.

Kulipokucha, Mama akiwa bado kitandani, nilimweleza yote. Aligeukia ukuta. Nikatoka, nikabisha kwa yule mama jirani aliyenitania.

"Mama, intaneti ile niliizima mimi. Kwa makusudi."