Alimlilia bibi yangu, sisi baba yake hatukumlilia

Admin, naomba unifichie jina, maana majirani zetu wengi wako humu.

Mimi ni msichana wa miaka 23, nasoma chuo hapa Tabora na ninaishi na mama yangu mtaa wa Cheyo. Mwaka jana alikuja dada mmoja kutoka China kusoma Kiswahili chuoni kwetu, tukampangisha chumba nyumbani kwetu. Mwanzoni alipata shida sana. Mboga ya mlenda ilimshinda, watoto wa mtaani walimfuata wakiita "Mchina! Mchina!", akawa anajifungia chumbani analia. Lakini alijitahidi jamani. Akajifunza kusonga ugali, akawa anawaamkia wazee kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", mpaka wanacheka kwa furaha. Mama akampa jina Kabula.

Bibi yangu alipofariki kijijini Goweko, Kabula alikwenda na sisi. Alijifunga kanga, akalala chini na akina mama, akaosha masufuria siku tatu. Alilia kama mjukuu. Watu wakasema, "Huyu sasa ni wetu."

Mwezi uliopita alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki ghafla. Asingewahi mazishi. Alikaa uani ameshika simu. Nilimwambia mama tuwaite majirani, tukae naye hata siku moja. Mama akajibu, "Msiba uko kwao China. Hapa watu watakuja kumzika nani? Na Jumamosi tuna sendoff ya dada yako."

Nikatii. Kibaya zaidi, mimi mwenyewe nilimfuata Kabula nikamwambia, "Jikaze shoga yangu, wageni wasikuone unalia."

Siku ya sendoff ya kumuaga dada anayeolewa, Kabula alivaa sare kama sisi, akagawa soda. Muziki unapigwa, watu wanacheza. Shangazi akamwambia kwa sauti, "We Mchina, mbona umenuna? Cheka bwana!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Asubuhi nikamkuta anafunga mizigo. Hakugomba. Aliniambia taratibu tu, "Bibi yako nilimlilia. Baba yangu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina lake." Nikaanza kulia, yeye akaendelea kukunja nguo.

Akahamia hosteli. Wanaosoma naye wanasema hazungumzi na mtu, akitoka darasani ni chumbani. Nilimfuata kuomba msamaha. Alifungua mlango nusu, akaniuliza, "Hujambo?" kama tunavyowasalimia watu tusiowajua. Nikamwambia, "Kabula, nisamehe." Akasema, "Siitwi Kabula. Asante kwa kuja." Akafunga.

Nimesikia ameacha masomo, wiki ijayo anaondoka. Mama anasema nimwache, akifika kwao atasahau. Sidhani. Mtu aliyejitahidi vile mpaka akawa wetu, halafu siku aliyotuhitaji tukamfanya mgeni, anasahau vipi?

Ndugu zangu, ninyi mliowahi kumkosea mtu kiasi hiki, mlianzia wapi? Niende tena kugonga mlango ule, au nimwache aondoke bila kumuumiza zaidi?