Tikiti la Barafu Langoni kwa Mama Zuhura

Digrii ninayo, kazi sina, na joto hili limenichosha. Nilipohamia Kibera kutoka Kawangware, niliamua kuuza tikiti maji la barafu: unakata vipande, unachomeka vijiti, unagandisha. Kilichobaki ni ruhusa ya mwenye nyumba, Mama Zuhura, niuzie langoni kwake.

Mchana wa jua kali nikampelekea kipande aonje.

"Asante, kijana. Weka kwenye friji, nitakula jioni."

Nikawaza: anaogopa uchafu. Nikamweleza jinsi nilivyonawa mikono na kuosha tikiti kwa maji ya kuchemsha. Akageuza uso. Nikawaza: hata haniamini. Basi nikakila kile kipande mbele yake, polepole, nikinyonya maji yote, kisha nikalamba kijiti.

"Unaona, mama? Hata tumbo haliniumi."

Alinitazama kama mtu aliyechoka kuliko mimi.

"Wewe uliyesoma chuo, huu ni mwezi gani?"

"Machi, mama."

"Ni Ramadhani. Koo limenikauka tangu alfajiri, na wewe unanilambia barafu usoni. Ploti nzima tumefunga. Hapo langoni ulitaka kumuuzia nani?"