Mlingoti Alipohamia Kizimbani

Miaka kumi na mmoja alipigana ngumi na mateke ulingoni, na hakuna aliyewahi kuona mgongo wake ukigusa sakafu. Ndiyo maana wakamwita Mlingoti, na jina likamganda mpaka dukani alikokuwa akibeba magodoro mchana. Wenzake walimtania, "Unauza vya kulalia na mwenyewe kulala hujui!"

Aliyemfundisha kusimama hivyo ni Mwalimu, mzee mfupi, mkali kama pilipili. Alimchukua ana miaka kumi na minne, mama yake amekufa juzi tu, akampa chumba cha nyuma ya jimu na kumwita mwanangu. Mzee hakuwa na mtoto mwingine, wala Mlingoti hakuwa na baba mwingine. Mateke alifundishwa, lakini zaidi alifundishwa adabu. Sheria ya ulingo inasema ukimwangusha mtu, nenda kwenye kona tupu usubiri refa ahesabu. Mwalimu aliongeza yake: ukifika konani, geukia nguzo, usimtazame. "Mtu akianguka ana aibu yake, mwachie," alisema, na aliyesahau alizungushwa jimu nzima akiruka kichura.

Haya, mambo yakabadilika. Waandaaji wote wakakimbilia mchezo wa mseto, ule wa kizimbani, ndani ya uzio wa wavu, ambao unapiga, unakaba na kummaliza mwenzako hata akiwa chini. Mlingoti akakaa miaka miwili bila pambano, na umri haumsubiri mtu. Thelathini na mbili hiyo. Siku aliyokwenda kuaga ili ahamie huko, Mwalimu alikuwa anashona mfuko wa mazoezi uliopasuka.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu."

"Mbachao wenyewe umebaki nyuzi, Mwalimu."

Alidhani mzee atacheka. Mzee aliendelea kushona. Tangu siku hiyo simu hapokei, salamu hajibu. Jamani, mtu mzima kununa ni kazi ngumu, lakini yule mzee aliiweza.

Jimu mpya ilikuwa na vioo na muziki mkubwa. Vijana wa pale walimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha wakambwaga chini kama gunia. Jioni alirudi kwenye chumba chake kimoja, akala amesimama, akalala na maumivu yake. Hakuna aliyemuuliza siku imeendaje, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mbavu.

Pambano la kwanza la kizimbani lilipokaribia, alimpelekea Mwalimu tiketi ya kiti cha mbele. Kushinda alikutaka, nani hataki? Lakini alichokitaka hasa ni mzee aje, amwone, aseme bado ni mwanawe.

Raundi ya kwanza tu, teke la kulia likampata mpinzani shavuni, akaanguka chali. Ukumbi ukalipuka. Mlingoti naye, mazoea yana taabu, akageuka na kuanza kutafuta kona. Kizimba kina pembe nane, ataichukua ipi? Akachagua mojawapo, akageukia nguzo, akasubiri refa ahesabu. Masikini, huku hakuna anayehesabu! Mpinzani aliinuka, akamjia kwa nyuma na kumpiga kabali, mpaka Mlingoti akagonga mkeka kukubali yaishe. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Video yake ilizunguka kwenye simu mwezi mzima. Wateja walikuja kununua godoro na kumnyooshea kidole: "Si ndiye huyu aliyekwenda kusimama konani?"

Kocha mpya hakucheka. "Maji umeshayavulia nguo, yaoge," alimwambia. "Akianguka, uwe juu yake kabla mwenyewe hajajua ameanguka." Miezi minne Mlingoti aliangusha sanamu la mazoezi na kulirukia, mara mia kila jioni. Mwanzoni miguu ilikataa, ikawa inageuka yenyewe. Siku moja ikaacha kugeuka. Kocha alishangilia, Mlingoti alijiona amepoteza kitu, ila hakujua amwambie nani.

Pambano la pili lilikuwa Jumamosi alasiri. Tiketi aliipeleka tena, basi tu, kwa kutokata tamaa. Alipoingia kizimbani akatazama mbele, na Mwalimu alikuwa pale! Amevaa koti lililopigwa pasi, mikono magotini. Moyo ulimruka Mlingoti hata akasahau kuvaa kinga ya meno, ikabidi akumbushwe.

Raundi ya pili, teke lile lile. Mpinzani akaanguka, na safari hii Mlingoti hakugeuka. Alimrukia akamshushia ngumi kumi na moja, mikono ya yule kijana imeshalegea, mpaka refa akamvuta kiunoni. Ameshinda! Alipanda kwenye wavu wa kizimba, akamtafuta Mwalimu. Mzee alikuwa anatazama pembeni.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa watu, wakapiga picha na kuondoka. Ndipo Mwalimu akatokea, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yule kijana yuko salama?"

"Ameamka. Anakunywa maji."

"Vizuri." Mzee akanyoosha mkono kama anayempa mgeni. "Hongera, bwana."

Bwana! Miaka kumi na nane alikuwa akiitwa mwanangu: alipopata mkanda, alipounguza sufuria, hata siku waliyogombana. Mlingoti alitaka kumwambia sheria inaruhusu, refa hakumzuia, na kwamba zile ngumi zote alizipiga ili yeye amwone. Akaupokea ule mkono.

"Ahsante kwa kuja," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mlingoti akakaa kwenye benchi na kuanza kufungua bendeji za mikononi mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, huku analia.