Kipande Kitakachobaki

Kwa wiki mbili sikupata usingizi kwa sababu ya neno moja nililowaambia watu wa nyumbani. Nilisema madaktari watatoa uvimbe wote. Daktari hakusema hivyo.

Mama alianza kuona vitu viwili viwili, akadhani ni miwani. Halafu jicho la kushoto likakataa kugeuka upande wa nje, na kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi. Alilifunga jicho hilo kwa leso akaendelea kuchuma chai, kwa maana akitumia yote mawili alikuwa anachuma hewa. Akinitazama bila leso alicheka: "Naona mko wawili. Na mmoja tu ananichosha na mawazo."

Picha za kichwa alizopigwa hospitalini zilionyesha uvimbe wa gegedu, ule mfupa mlaini kama wa sikioni, umeota chini kabisa ya fuvu, nyuma ya pua. Daktari alieleza kwa Kiingereza huku akichora kwenye karatasi. Wangeingia kupitia puani na kutoa sehemu kubwa. Kipande kilichoshikana na mshipa mkubwa wa damu wangekiacha, kwani kukikwangua kungeweza kumuua. Baadaye kingepigwa mionzi kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa aina hii hukua polepole, alisema, kukatwa hakuuchochei, na mara nyingi hudhibitiwa. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Mama nilimwambia habari ya puani tu, mengine nikasema tutayazungumza nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa, ndugu za marehemu baba walikaa sebuleni kwetu, kijijini Kimulot. Baba mdogo, ambaye amelima chai tangu sijazaliwa, aliuliza swali moja.

"Wataacha kitu?"

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Chai si tunaikata ndiyo ichipue? Ukiacha kisiki, umekiamsha. Kama watabakisha hata kidogo, shemeji asiguswe."

Wote wakaitikia. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kupogoa chai. Ningeweza kusema mwili si shamba. Lakini Mama alikuwa ananitazama kwa jicho moja, nikasema, "Watatoa wote."

Baba mdogo akashusha pumzi. "Basi aende."

Tangu hapo nilibishana na nafsi yangu. Nikisema ukweli, watamzuia, na jicho litazidi kuharibika, kisha huenda hata kumeza kumshinde. Nisiposema, ataamka hospitalini asikie habari ya mionzi, aamini kile kipande kimeamshwa, na asiniamini tena. Nilichoka na sauti yangu mwenyewe.

Alhamisi asubuhi, wiki ya pili ikiishia, nilimfuata shambani.

"Mama, nilidanganya. Wataacha kipande."

Mikono yake haikusimama. "Kikubwa kama nini?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Umesoma miaka yote hiyo, na hukuuliza."

"Niliogopa jibu."

Alitupa konzi ya majani kwenye kikapu mgongoni. "Na hicho kitachipua?"

"Anasema kukata hakukiamshi. Mionzi ndiyo ya kukizuia. Lakini hakuapa."

Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari wa chai. Mimi nilimfuata nikichuma vibaya, majani makuukuu, na yeye akayatoa moja moja bila kunikemea.

"Huyo daktari anajua Kiswahili?"

"Anajua."

"Basi wewe ulikaa katikati yetu kufanya nini?"

Nilitoa simu palepale, nikampigia muuguzi wa kliniki. Niliomba Mama amwone daktari tena kabla ya siku ya kulazwa, aulize mwenyewe, kwa Kiswahili. Muuguzi akauliza atakuja na nani. Nikasema atakuja na shemeji yake, mimi nitangoja nje. Kisha nikashuka kwa baba mdogo, nikamkuta anakamua ng'ombe, nikamwambia kwamba nilidanganya, na kwamba yeye ndiye atakayekwenda na Mama kwa daktari.