Sababu Moja Niliyobaki Nayo

Nianze kwa kukiri ujinga, maana ninyi mnaofungua gazeti la shule moja kwa moja kwenye ukurasa huu wa mwisho mmezoea nikianika ujinga wa wengine. Ijumaa ile, mapumziko ya saa nne, jirani yangu wa dawati alinionyesha simu ambayo kisheria haimo shuleni, na ndani yake ujumbe kwamba Fundi amefariki alfajiri. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kulia, wala kuomba ruhusa ya kutoka. Nilipiga hesabu ya siku. Sisi watu wa mkoa wa magharibi tukifiwa kuna mikutano ya kila jioni, kamati, fulana zenye picha, gari la kusafirisha mwili, na mazishi yenyewe huja wiki mbili baadaye, yakiwa na hotuba ndefu kiasi kwamba marehemu ndiye peke yake asiyechoka. Nikaona muda ninao. Vipindi viwili vya kemia nikavitumia kuandika hotuba ya kumuaga, kurasa tatu, mizaha kumi na mmoja. Jumapili, baada ya ibada, nikavaa suti nyeusi ya mjomba wangu na kwenda mjini kuuliza ratiba.

Fundi alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya River Road. Nilikuta mlango wake una kufuli. Mlango wa pili yupo mzee anayeuza kofia na kanzu, naye alinitazama kuanzia viatu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Na suti hiyo, waenda kuoa?”

“Nimekuja kuuliza Fundi atazikwa lini.”

“Atazikwa?” Akaweka chini kofia aliyokuwa akiikunjua. “Mwanangu, tushamzika. Ijumaa ile ile. Tuliswali, tukamswalia na yeye, alasiri ilimkuta makaburini Kariokor, ndani ya udongo.”

“Siku hiyo hiyo?”

“Ehe. Sasa tungemngojesha nini?”

“Nilikuwa nimeandika hotuba.”

Akaitazama karatasi mkononi mwangu kama daktari anavyotazama kidonda kilichochelewa. “Hiyo weka. Utamsomea bibi harusi.”

Miaka miwili nimeketi chumbani kwa mtu huyo, nimemwona akisimamisha kazi ili aende kuswali, nimekula tende zake za Ramadhani nikiwa sikufunga hata nusu saa, na sikuwahi kujua kwamba watu wake hawamlazi maiti akingoja. Ningejua, ningeruka ukuta wa shule. Wenzangu wanajua kwamba ukuta ule nimeuruka kwa sababu za kipuuzi zaidi.

Kwa wasiomjua, nyuma ya meza yake ya kuunganishia nyaya kulikuwa na chumba chenye skrini tatu na gemu moja tu, ile ya ngumi, ambayo imetoka toleo baada ya toleo tangu kabla hatujazaliwa. Ni gemu isiyo na huruma kwa mgeni. Wapiganaji ni wengi kama darasa zima, na kila mmoja ana orodha ya mapigo ndefu kuliko jedwali la elementi. Mgeni huingia, hushika padi, hubonyeza kila kitu kama anayekamua nyanya, hupigwa, na harudi. Fundi hakupenda mtu asirudi. Kwake, wiki ya kwanza huruhusiwi kupiga. Unazuia tu: juu, chini, juu, chini, naye amesimama nyuma yako akiziimba hizo juu na chini kwa sauti ya chuo cha Kurani alikosomea utotoni, nawe unaitikia. Wiki ya pili unapewa ngumi moja. Moja. “Akimaliza kusema, ndipo nawe wajibu,” alikuwa akitwambia. “Ukimkatiza na bado ana pumzi, wala ngumi.” Mimi niliyezoea kuwakatiza walimu nilikula ngumi hizo mwezi mzima.

Kisha kulikuwa na sheria yake ya sababu. Ukimshinda mtu, huruhusiwi kucheza tena mpaka umpe sababu moja ya kweli iliyomfanya ashindwe. Si matusi, si “wewe ni fala tu.” Sababu. “Ulizuia juu nikapiga chini.” “Kila ukiogopa unaruka, nami nakungoja pale unapotua.” Aliyeshindwa alitakiwa kuirudia kwa mdomo wake, kisha mnaendelea. Nimekaa kwenye madarasa mengi, na hakuna mahali pengine nilipoona mshindi akilazimishwa kumfungulia aliyeshindwa mlango aliopitia yeye. Hapa shuleni unarudishiwa karatasi yenye alama nyekundu na neno “jitahidi.” Nijitahidi wapi, bwana?

Sasa niseme lile ambalo halimo kwenye kurasa zangu tatu. Mwaka jana, baada ya likizo ya Agosti, alianza kuja askari wa geti kutoka Lavington. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, mtu wa kwetu magharibi. Alikuja Jumapili, siku yake ya mapumziko, amepiga pasi shati. Vijana walidhani amekuja kutukamata. Akaeleza kwa upole kwamba ana mtoto wa kiume kijijini anayeishi na nyanya yake, na wakizungumza kwa simu mtoto hujibu “eeh” na “sawa” tu, isipokuwa ikitajwa gemu hii, ambayo huicheza kwenye kibanda cha sokoni. Hapo huongea mpaka simu inakatika. Askari alitaka ajifunze kabla ya likizo yake ya Desemba, aketi na mwanawe, wawe na kitu cha kusema. Ndilo lilikuwa ombi lake lote.

Akazuia Jumapili nzima bila kulalamika. Kisha Fundi akalazwa hospitali, ile figo iliyokuja kumuua, tukabaki sisi wanafunzi kuendesha chumba. Jumapili iliyofuata nilimshinda askari raundi zote, na ilikuwa juu yangu kumpa sababu. Wenzangu walikuwa wananitazama. Nyote mnajua ninavyokuwa nikitazamwa.

“Mzee, unashindwa kwa sababu hujachagua mtu wako,” nikamwambia. “Chukua huyu mnene. Unaona akikaa chini hivi? Anakusanya nguvu. Akikaa mara tatu, ngumi yake moja inamaliza kila kitu.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu. Hiyo ni siri ya wakubwa.”

“Akikaa mara tatu,” akarudia, kama sheria inavyotaka. “Asante sana kijana. Mungu akubariki.”

Yule mnene aliwekwa na watengenezaji kama utani. Kukaa kwake hakukusanyi chochote. Ni kukaa tu, apigwe vizuri. Jumapili tano mfululizo askari alikaa na kupigwa, akikaa anasema kwa sauti, “Moja… mbili…” nasi tunaumwa mbavu kwa kicheko, tukijifanya tunacheka skrini ya jirani. Mwezi wa Novemba Fundi alirudi, amekonda, akasimama mlangoni na kuona. Hakucheka. Alingoja askari aondoke kuwahi zamu yake.

“Nani kampa sababu hii?”

Kila mtu akatazama dari. Nikainua mkono, kwa sababu ningetajwa tu.

“Basi utamwambia wewe,” akasema. “Mie nikimwambia, atajua gemu. Ukimwambia wewe, atajua kuwa hakuwa mjinga.”

“Sawa Fundi. Jumapili ijayo.”

Jumapili iliyofuata askari hakuja. Zamu yake ilibadilishwa. Fundi akanielekeza: Lavington, geti la kijani, karibu na kanisa lenye mnara. Kutoka kwetu Mountain View ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na kuna siku nimetembea zaidi kufuata chipsi. “Umeenda?” akawa ananiuliza kila Jumamosi. “Bado Fundi, nitaenda, Desemba ni mbali.” “Umeenda?” “Wiki hii kuna mitihani, manze.” Baadaye akaacha kuniuliza. Nilifikiri amesahau, nikashusha pumzi. Leo najua alikuwa ameona mtu niliye, na hakuwa na nguvu za kumtengeneza na huyo pia.

Basi Jumapili ile, na suti yangu ya mazishi yaliyokwisha, sikwenda nyumbani. Niliteremka Lavington nikalitafuta geti la kijani. Dirisha dogo likafunguka, akachungulia askari kijana.

“Mahubiri peleka mbele. Wenye nyumba hawapo.”

“Si mahubiri. Namtafuta mzee aliyekuwa hapa. Anayecheza gemu.”

“Ah, huyo! Alirudi Januari akakaa wiki moja, akaacha kazi. Hatujui yuko wapi.”

“Likizo yake ilikuwaje?”

“Wewe ni mtu wake?”

Nikasema ndiyo, kwa maana sikuwa na neno lingine. Akaegemea geti. “Ilimwendea vibaya. Kijana wake alimpeleka sokoni wacheze, akaita marafiki, eti waje waone babangu amejifunza Nairobi. Mzee akawa anakaa chini tu kwenye gemu. Anakaa, anapigwa. Anakaa, anapigwa. Watu wakacheka mpaka mwenye kibanda akatoka nje. Kijana akaona aibu, akamwambia asimfuate tena huko. Na unajua, yule mzee hakulaumu mtu. Alisema alifundishwa vizuri, ila yeye hakushika somo.”

Akanipa namba. Haipatikani. Nimeipiga siku nne sasa, asubuhi na jioni, na yule mwanamke wa kwenye mtandao ananijibu kwa adabu kuliko ninavyostahili.

Mzee wa kofia anasema chumba cha Fundi kitakuwa stoo ya makava ya simu. Skrini zimeshaondolewa. Wenzangu wamehamia kucheza mtandaoni, ambako mtu usiyemwona anakupiga na kupotea kabla hujamuuliza lolote. Hakuna wa kukuimbia juu na chini. Labda toleo jipya lina mafunzo yake ndani, yenye mishale na rangi; mashine haichoki na haina utani mbaya. Lakini haitakuuliza Jumamosi kama umeenda. Nilichojifunza kwa Fundi nimekijifunza akiwa hayupo wa kuniuliza. Mtu mgeni katika jambo hana kipimo cha kupimia unachomwambia. Anakirudia kwa mdomo wake, anakubariki, anakibeba mpaka kijijini. Mzaha wangu ulinichekesha Jumapili tano. Yeye alibaki na mtoto asiyetaka kuonekana naye. Sijui pa kuupeleka ukweli sasa. Ninao, ni sentensi moja, na mwenyewe hapatikani.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa jikoni, anasonga ugali. Anafanya kazi ofisini Hurlingham, kazi ya kuwasikiliza watu wenye visingizio, kwa hiyo nilimweleza yote bila kupamba: Ijumaa, hotuba, mnene anayekaa, geti la kijani. Akaomba hizo karatasi. Akazisoma zote tatu, mwiko mkononi, hakucheka hata mzaha mmoja. Akanirudishia.

“Kwa hivyo aliyekufa umemwandikia kurasa tatu. Na aliye hai, dakika arobaini tu, ukakosa miguu. Vua suti ya mjomba wako, uikunje vizuri.”