Mazishi ya Mama kwenye Kanda

Mama alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuwa Marekani na karatasi zake za kuishi huko zilikuwa zimekwisha muda. Angetoka, asingeweza kurudi. Tukaamua kumpelekea mazishi kwenye kanda ya video. Kwetu mtu asiyeuona uso wa mzazi wake kabla ya sanduku kufungwa hubaki akingoja tu, na sikutaka kaka yangu awe mtu wa kungoja.

Kakamega mjini palikuwa na fundi mmoja aliyekuwa na kamera ya video ya kubeba begani. Alipiga mazishi siku nzima akajaza kaseti kadhaa. Baadaye nilienda studioni kwake na baba mdogo, kwa sababu baba yetu alikuwa ametangulia zamani na neno la mwisho nyumbani lilikuwa la mdogo wake. Fundi alikuwa na deki mbili na televisheni moja: kaseti inacheza huku, inarekodiwa kule.

Alitueleza vizuri kabisa, simlaumu. Mashine za Marekani hazisomi kanda za mfumo wetu. Nairobi kulikuwa na mtu wa kuibadili iwe ya mfumo wa kule, lakini kaseti yake ilibeba saa mbili tu, kwa hiyo ingebidi kupunguza. Ama tubaki na mfumo wetu, arekodi kwa mwendo wa polepole, picha ififie kidogo lakini kila kitu kiingie.

"Kupunguza nini?" baba mdogo akauliza.

"Hotuba, mzee. Ziko nyingi."

Hapo fundi aliharibu. Kwetu matanga bila hotuba si matanga. Walikuwa wamezungumza watu wa Butali alikozaliwa mama, watu wa Shianda walikoolewa dada zake, kanisa, akina mama wa chama, na bwana mmoja wa Navakholo ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani kwetu, naye ndiye aliyeongea kuliko wote.

"Hakuna kukata mtu," baba mdogo alisema. "Watu wa Butali watauliza. Hao wanaulizanga kila kitu."

"Baba, kaka hataona mtu hata mmoja. Mashine yake haitasoma."

"Kanda ni kanda. Marekani inaweza kosa mashine? Si hao ndio walitengeneza?"

Nilirudia, sauti ikapanda. Akaniuliza kama ni mimi nitakayekaa na ukoo kuwaeleza. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, na hasira yangu haikubadili kitu. Kanda ilitengenezwa kwa mfumo wetu, hotuba zote ndani, ikatumwa kwa posta.

Nilirudi kwa fundi peke yangu, kwa siri, nimwombe anipe kaseti za kamera nizipeleke Nairobi mwenyewe. Nilichelewa. Alikuwa amezirekodia arusi, kama kawaida ya studio mteja akishachukua kanda yake. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, naye akaniwashia redio.

Siku kanda ilipomfikia, kaka alipiga simu kwenye duka la dawa la jirani yetu, nikaitwa. Nyuma ya sauti yake nilisikia ngoma za isukuti, zile zile za mazishi ya mama, zikisikika nzito na za polepole kuliko zilivyopigwa.

"Naona mistari tu," alisema. "Inapanda, inashuka. Lakini sauti nasikia."

Nilibana simu sikioni nikasikiliza naye.

"Mtu wa Butali amemaliza," akaendelea. "Sasa watu wanalia. Ni nini hiyo?"

"Wamefungua sanduku."

"Dada, niambie. Anakaa aje?"

Ukweli ni kwamba mama alikuwa amekwisha. Saratani ilimla miezi mingi, na ni yeye mwenyewe aliyetukataza kumwandikia kaka, asije akaacha kila kitu akarudi. Gauni la kijani ambalo kaka alimtumia tulilikunja mgongoni tukalibana kwa pini ndipo likamkaa. Yote hayo yalionekana wazi kwenye picha, na picha haikuwepo. Nilikuwepo mimi, na mwenye duka akijifanya anapanga dawa. Niliogopa. Nilimhurumia pia, mtu mzima amekaa mbele ya televisheni anasikiliza mama yake akizikwa.

"Anakaa tu vile ulimwacha," nikasema. "Amevaa ile gauni ya kijani ulituma."

"Imemtosha?"

"Imemtosha kabisa."

Huko kwake watu waliendelea kulia.

"Kwa hivyo hakuwa mgonjwa sana."

"Hapana, hakuwa."

"Alikuwa mzima hivyo," kaka alisema polepole, "sasa mbona mlimwacha akufe?"

Nilipofungua mdomo alikuwa ameshakata simu. Hakunipigia tena.