Kicheko Nyuma ya Litungu

Jumapili alasiri hakuna mtu wa kunituma. Hata mteja akija na sare ya mtoto imepasuka kuanzia kwapa hadi kiunoni, atangoja, maana saa hiyo redio ina kipindi cha muziki wa kienyeji, wa kwetu na wa nchi za mbali, na mimi hukisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mpira. Cherehani nimeiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Kitale. Kipindi kikianza, naikanyaga polepole ili isije ikafunika sauti ya vinanda.

Tuna kikundi cha wasap, sisi wenye ugonjwa huu. Kuna mwalimu wa Kachibora ambaye tangu asikie kinanda cha nyuzi nyingi kutoka Mali hana habari nyingine duniani. Kuna fundi wa redio wa Moi's Bridge, mtu mpole, ambaye hurekodi kila kipindi kwenye kompyuta yake. Na kuna sisi wengine, masikio na maneno mengi. Siku redio ilipopiga nyimbo za wachungaji wa mifugo wa Mongolia, mtu mmoja akitoa sauti mbili kooni kwa wakati mmoja, kazi ilisimama. "Ati ni mtu moja? Hao ni wawili bana, wasituchezee," mwalimu aliandika, na tukabishana mpaka giza likaingia.

Jumapili ninayotaka kuieleza, mtangazaji alisema ana kaseti ya zamani kutoka upande wa Bungoma, ya mzee mmoja na litungu lake. Litungu nimelijua tangu utotoni: nyuzi saba, ngozi, na mtu aliyeinama juu yake akiwasifu waliohudhuria. Upokezi ulikuwa mbaya siku hiyo, lakini mzee alipiga vizuri mno hata nikaacha kabisa kushona. Katikati ya wimbo, nyuma ya mwimbaji, mwanamke alicheka. Kicheko kilianzia chini, kikapanda, kikakatika ghafla kama cha mtu aliyekumbuka kuwa yuko kwa wakwe. Halafu akapiga kigelegele kimoja. Mtangazaji akashusha sauti na kuanza kueleza mambo ya nyuzi.

Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama. Tangu tumzike mama, baba alikuwa mtu wa kukaa. Anakaa kwenye kiti chake kando ya mlango, anakula anachopewa, anajibu "ndiyo" na "hapana", na ukimwuliza swali refu anakutazama mpaka unajuta. Sasa alikuwa amesimama, mkono ukutani.

"Huyo ni mama yenu," alisema.

Nami nilikuwa nimekwisha kujua. Ngozi yangu ilikuwa imejua kabla ya masikio. Mama alizaliwa upande huo, na kila Desemba alikwenda kwenye harusi za kwao akarudi sauti imekauka. Kwa nini asiwe yeye? Jioni hiyo baba alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Alinisimulia kwamba mara ya kwanza alipomwona mama, yeye baba alikuwa amelala kwenye matope pamoja na baiskeli yake, na mama alikuwa kando ya njia akicheka kicheko hichohicho. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Alikula, akaomba aongezewe.

Asubuhi akaniambia, "Fungua tena."

Nikamweleza kwamba redio haifanyi hivyo. Nikaingia kwenye kikundi nikamwomba fundi anitumie kile kipande. Alikituma saa ileile, na maneno chini yake: "Nimekusafishia, sista. Kelele yote nimetoa. Sasa ni nyuzi peke yake." Wenzetu wakamrushia makofi. Mwalimu akasema sasa ndiyo anasikia hata kidole cha mzee kikigusa uzi wa mwisho.

Nilimvalisha baba visikilizio vya masikioni. Alifumba macho akangoja. Nilijua dakika yenyewe ilipofika, kwa sababu mdomo wake ulijiandaa kutabasamu, kisha ukabaki hivyo, bila kitu cha kutabasamia. Wimbo ukaisha. Akavua vile vitu akaniwekea mapajani.

"Wamemtoa," alisema, akarudi kwenye kiti.

Nilimpigia fundi simu na sikumsalimia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliningoja nimalize. "Sasa mimi ningejua aje ni mamako?" alisema. "Kwa hii masikio yangu hiyo ilikuwa kelele tu, kama ya jogoo." Na ile ya kwanza, isiyosafishwa? Alikuwa ameifuta, kompyuta imejaa. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili, miaka yote, na sisi tukimshukuru. Nikajiuliza amefuta wangapi: watu waliokohoa, waliomwita mtoto, waliopitiwa na usingizi karibu na mpiga zeze. Sikulala vizuri siku kadhaa. Nikiinamia cherehani, nilikuwa nikilisikia lile pengo kwenye wimbo, na pengo lenyewe lilikuwa na umbo la mama.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimtafuta mtangazaji, naye akawauliza wenye kaseti kama wako radhi, na siku chache baadaye nikapewa namba ya simu. Ilikuwa nyumba moja karibu na soko la Myanga. Nilimwambia baba naenda kumleta mama. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Akaniuliza kama nina nauli ya kutosha.

Mjane wa yule mpiga litungu alinikaribisha kwa chai na ndizi za kuchemsha, akaleta redio ya kaseti iliyofungwa kwa khanga. Hakubonyeza chochote kwanza. Aliweka kiganja juu ya redio akataja jina la mumewe, kisha jina la msichana nisiyemjua.

"Hapa kwetu hatufungui hii kitu bila kutaja wenyewe," alisema. "Mtu atakuimbia aje na wewe hata hujamsalimia?"

Kisha akabonyeza. Litungu likaanza, safi kuliko redioni, kuku na masufuria nyuma yake. Ikafika pale. Kile kicheko kikapanda. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Yule mjane alinitazama kwa makini.

"Kwani wewe ulijua msichana yangu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi na baba tulisikia mama yetu, na kwamba ndiye niliyemfuata. Hakukasirika. Alinishika goti, akasema, "Basi ngoja kidogo."

Kaseti iliendelea kupita pale ambapo mtangazaji alishusha sauti. Kigelegele kikaisha, na mwenye kicheko akasema, kwa Kibukusu, "Baba, usimalize! Ongeza!" Ilikuwa sauti nyembamba ya msichana, ya juu, yenye kudeka. Mama yangu alikuwa na sauti nzito ambayo ilimwita mbuzi kutoka ng'ambo ya shamba na mbuzi akaja. Hakuwa yeye. Hakuwahi kuwa yeye, hata kwa nusu ya neno.

"Hiyo ilikuwa harusi ya kaka yake, hapa tu kwa hii uwanja," mjane alisema. "Mwaka ilifuata tukamzika huyu msichana."

Nilihisi kama nimetoka makaburini mara ya pili, na safari hii hata mwili wa kuzika sikuwa nao. Niliinuka niage, lakini yeye ndiye aliyeniambia nitoe simu. "Rekodi. Uende na yeye. Lakini ukimfungua huko Kitale, umtaje kwanza. Sitaki acheke mbele ya watu hawamjui."

Nikaahidi. Nikarekodi yote, mpaka "ongeza", mpaka mzee anacheka na kuongeza.

Nilipofika Bungoma mjini nikitafuta gari la Kitale, nilimtumia fundi ile rekodi. Nilimwandikia: usisafishe chochote, ila ukate pale kigelegele kinapoisha. Alijibu upesi. "Lakini sista, hapo mbele ndiyo iko tamu. Msichana anaongea na babake. Kwa nini nikate?"

"Kata," niliandika.

Akakata. Anajua kukata.

Sasa baba amejifunza kutumia simu yangu. Kila Jumapili kipindi kikiisha huichukua mwenyewe, anavaa miwani, anapapasa kioo kwa kidole kimoja mpaka akione kile kipande. Anakula vizuri. Habari ya baiskeli na matope amemsimulia hadi muuza makaa. Ndugu zangu wananipigia kunishukuru, kwamba nimewarudishia baba, nami nawaambia asante. Mwalimu wa Kachibora huniuliza kwenye kikundi kama niliwahi kumjua yule mwanamke wa kwenye kaseti, na sijamjibu.

Baba akichukua simu, mimi huenda jikoni. Nafunga mlango nusu, nasimama karibu na jiko, na nalitaja jina la msichana wa Myanga, taratibu, kama nilivyoahidi. Jumapili iliyopita nadhani nililitaja kwa sauti kidogo.

"Unaita nani huko?" baba aliuliza kutoka chumba cha mbele.

"Hakuna mtu, baba."

"Basi kuja haraka," alisema. "Mama yenu yuko karibu kucheka."